Fundisha polimerasi kwa miyaa: DNA inavyonakiliwa kwenye seli zetu

Nafundisha baiolojia kidato cha tano na sita hapa Chake Chake. Wanafunzi huyahifadhi majina yote ya polimerasi, yaani vimeng'enya vinavyojenga nyuzi mpya za DNA, lakini waulize kwa nini uzi mmoja hujengwa vipande vipande, darasa zima kimya. Kwa hiyo mimi huanza na ncha, majina baadaye.

Hatua ya 1. Chukua miyaa miwili mirefu ya kusukia mikeka, uilaze sambamba. Hizo ndizo nyuzi mbili za DNA. Wa juu uandike 5' kushoto na 3' kulia, ndiyo majina ya ncha mbili za uzi. Wa chini kinyume chake. Usiiruke hatua hii hata kama muda ni mdogo.

Hatua ya 2. Itenganishe kuanzia kushoto hadi katikati. Hiyo ni kazi ya helikesi, na pale inapoachana ndipo penye panda.

Hatua ya 3. Weka kipande kifupi cha rangi nyingine juu ya kila mwaa. Polimerasi ya DNA haiwezi kuanza patupu, hivyo polimerasi alfa, ikiwa na praimasi (kimeng'enya cha kuweka kianzio), hutanguliza kianzio cha RNA, ndugu wa DNA, na DNA kidogo, kisha huondoka.

Hatua ya 4. Hapa tulia. Nukleotidi mpya, yaani herufi za DNA, hupachikwa kwenye ncha ya 3' ya uzi unaokua, na si kwengine kokote. Waache wanafunzi wenyewe waurefushe uzi mpya. Kwenye mwaa wa chini wataifuata panda moja kwa moja: hiyo ni kazi ya polimerasi epsiloni. Kwenye wa juu watajikuta wanaipa panda mgongo. Polimerasi delta haina budi kusubiri panda ifunguke zaidi, iwekewe kianzio kipya, ijenge tena kurudi nyuma. Ndivyo vinavyopatikana vipande vya Okazaki, nukleotidi kama 100 hadi 200 kila kimoja.

Hatua ya 5. Ondoa vianzio, ziba mapengo, kimeng'enya ligesi kiunge vipande.

Sasa pachika herufi isiyolingana makusudi, uikate. Delta na epsiloni hujisahihisha hivyo hivyo, alfa haiwezi. Anayerithi hitilafu katika sehemu hiyo ya usahihishaji huwa na hatari kubwa zaidi ya saratani ya utumbo mpana, kwa hiyo tusiipite mbio.

Hatua ya 6. Ifungue panda kutoka kulia, uulize: epsiloni iko wapi sasa? Ni juu. Wakishajibu bila kufungua daftari, ndipo uwaletee polimerasi za RNA, ambazo hazihitaji kianzio.