Somo: Kupiga picha za theluji Kilimanjaro, kuanzia kambi ya Barafu hadi kilele cha Uhuru

Wapandaji wengi hushuka Kilimanjaro na picha za theluji yenye rangi ya majivu, kisha wanailaumu simu. Simu haina kosa. Kamera yoyote hupima mwanga ikidhani kilicho mbele yake ni cha wastani, si cheusi sana wala si cheupe sana. Ikikutana na weupe mtupu inaupunguza mpaka uwe kijivu. Dawa yake ni ndogo, ila haitafutwi mita 5,895 juu, mahali ambapo kila pumzi inakupa takriban nusu ya oksijeni ya pwani, vidole vimekufa ganzi na kichwa kinagonga. Itafute mapema.

Hatua ya 1: Maliza mipangilio kabla ya kulala. Wengi hufika kambi ya mwisho mchana au alasiri, iwe Barafu au Kibo kwa wanaopita njia ya Marangu, na safari ya kileleni huanza usiku wa manane. Saa hizo za mapumziko ndizo za kazi hii. Chagua faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazichakata, kama kamera yako inazo. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, upandishe mwangaza hadi +1. Kwa simu, gusa sehemu nyeupe kwenye kioo, kisha buruta alama ya jua kwenda juu. Yote haya yafanye ukiwa umevaa glavu zako za kileleni. Kitufe usichoweza kukibonyeza ndani ya glavu, kihesabu kwamba hakipo.

Hatua ya 2: Betri zilale nawe. Ziweke ndani ya begi la kulalia, na ukianza kupanda zihamie mfuko wa ndani, karibu na mwili. Zima mtandao wa simu.

Hatua ya 3: Gizani tembea tu. Picha moja inatosha: mstari wa taa za kichwani ukipanda mlima. Kikundi kikisimama kunywa maji, laza kamera juu ya jiwe, iache ipokee mwanga kwa sekunde chache, kisha irudishe kotini. Kusimama ovyo kunaleta baridi, na kunawachelewesha wenzako.

Hatua ya 4: Stella Point, pale njia inapofika ukingo wa kreta, ndipo kazi ilipo. Jua huchomoza kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi, upande wa Mawenzi, kilele kingine cha mlima huu. Wengi huelekeza kamera kwenye jua na kuishia hapo. Piga hiyo moja, kisha geuka. Mwanga huo wa chini unaipita theluji kwa ubavu, na kila mkunjo uliochorwa na upepo unapata kivuli chake. Tazama karibu na miguu yako: chembe za barafu zinameta, nyayo za waliotangulia zimejaa rangi ya samawati. Nusu saa baadaye jua limepanda na mikunjo imeanza kufifia.

Ukielekea Uhuru, kuta za barafu ya kusini ziko kushoto kwako, kreta iko kulia. Mwache mwenzako atangulie hatua kadhaa umpige akiwa na barafu nyuma yake. Bila mtu, hakuna atakayejua ukubwa wa ukuta ule. Jua likikolea, jaribu +1.5, lakini kagua: theluji iliyopoteza chembe zake zote na kubaki kama karatasi imezidi mwanga, rudisha chini kidogo. Kichujio cha kutia anga giza mimi sikishauri kule juu, kwani anga lenyewe tayari ni zito na litakaribia weusi.

Usiende ukingoni kwa ajili ya picha, na usivue miwani ya jua kwa muda mrefu. Theluji inaunguza macho.

Hatua ya 5: Kabla ya kuingia hemani, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki ukiwa bado nje. Unyevu utaganda juu ya plastiki, si ndani ya lenzi. Usiufungue mpaka kamera ipate joto la hemani.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, simu yangu ilizima kileleni ikiwa na chaji ya kutosha. Imeharibika?*
Hapana, kaka. Baridi inapunguza nguvu ambayo betri inaweza kutoa. Ipashe joto kwapani dakika chache, kisha iwashe.

*Picha zangu za kivulini zote ni za bluu. Nifanyeje?*
Dada, kivuli cha theluji kinaangaziwa na anga, ndiyo maana. Chagua mpangilio wa rangi wa kivuli, au rekebisha nyumbani kama ulipiga RAW. Usiiondoe bluu yote. Theluji itapoteza ubaridi wake.

*Nipande mwezi gani nikute theluji?*
Theluji mpya huja zaidi na mvua, yaani masika na vuli, japo njia huteleza na mawingu ni mengi. Wakati wa kiangazi huenda ukakuta barafu ya zamani tu, nayo inakwisha: ulinganisho wa ramani ya 1912 na hali ya 2007 ulionyesha kuwa takriban asilimia 85 ya eneo lake limetoweka. Kwa hiyo ukipiga kuta zile, andika tarehe na mahali uliposimama. Atakayepanda baadaye ataweza kulinganisha.

*Na droni?*
Bila kibali, iache nyumbani. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kurushwa hivi hivi, na waongozaji wako ndio wanaoweza kuingia matatani pamoja nawe.