Namna ya Kusoma Ushahidi wa Kale wa Mwanzo wa Ukristo Ulio Nje ya Biblia

Ukitaka kuchunguza mwanzo wa Ukristo kwa maandishi ya wasio Wakristo, anza kwa kuuliza mwandishi aliandika lini. Tacitus, Mroma, aliandika karibu mwaka 116; kwa hiyo anaposema kwamba Kristo aliuawa na Pontio Pilato enzi za Kaisari Tiberio, hasemi kama shahidi aliyeona. Hata hivyo maneno yake yana uzito, kwa kuwa aliwachukia Wakristo waziwazi na hakuwa na sababu ya kuwapamba.

Kisha uliza maandishi hayo yametufikiaje. Sehemu hiyo ya Tacitus imo katika nakala ya mkono ya karne ya 11 iliyohifadhiwa Florence, na humo, katika neno linalowataja Wakristo, herufi e imekwanguliwa ikageuzwa kuwa i: “Chrestianos” likawa “Christianos”.

Kwa Josephus, Myahudi aliyemaliza historia yake ya Wayahudi karibu mwaka 93, swali hilo ndilo kiini cha kazi yote. Katika kitabu cha 18 tunasoma kuhusu Yesu kwamba “huyu alikuwa Kristo”, maneno ambayo ni vigumu kutoka kinywani mwa Myahudi asiyemwamini; na Origenes, Mkristo wa karne ya 3 aliyemsoma Josephus, anasema wazi kwamba Josephus hakumkubali Yesu kuwa Kristo. Ndiyo maana wataalamu wengi huona kwamba palikuwa na taarifa fupi ambayo wanakili Wakristo waliiongezea. Usiitupe yote, wala usiimeze yote. Linganisha na kitabu cha 20, ambako Yakobo anatambulishwa kwa kupita tu kuwa “ndugu wa Yesu aitwaye Kristo”; mimi naiamini zaidi sentensi hiyo, kwa sababu haihubiri chochote.

Suetonius, mwandishi mwingine Mroma, anamtaja “Chrestus” aliyechochea ghasia Roma; jina hilo linafanana na Kristo, lakini lilikuwa la kawaida, basi usijenge juu yake.

Mpe muda Plinius Mdogo, liwali wa Kirumi wa Bithinia na Ponto (kaskazini mwa Uturuki ya leo), aliyemwandikia Kaisari Traiano karibu mwaka 112. Anaeleza kwamba Wakristo hukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kwa kupokezana, kama mungu. Ili kupata ukweli zaidi aliwatesa wanawake wawili watumwa, walioitwa wahudumu na wenzao. Majina yao hakuyaandika.