Dishi linakata mvua ikinyesha? Usipande bati kwanza

Kuanzia Novemba mpaka Aprili simu ninazopigiwa hapa Mbeya ni zilezile, fundi njoo dishi limekufa, nikifika nakuta baba mwenye nyumba kashapanda juu ya bati na mvua yake kalizungusha, sasa hapo ndo limekufa kweli maana mwanzo lilikuwa zima. Jamani kwenye radi hakuna kupanda juu, chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi kabla mawingu hayajafika, basi.

Setelaiti iko kama kilomita 36,000 juu, na karibu safari yote hiyo mawimbi hayapati shida, yanapigwa kilomita 3 au 4 za mwisho kwenye mvua. Haya madishi madogo yanapokea mawimbi ya masafa ya gigahezi 10 hadi 12 hivi, wimbi lake lina urefu wa sentimita mbili na nusu tu, kwa hiyo matone makubwa yanalimeza na kulitawanya. Yale madishi makubwa ya zamani ya gigahezi 4 mvua haiyasumbui sana. Na sisi wa huku juu tuna nafuu, barafu ya mawinguni inayeyuka kuwa mvua kwenye kama kilomita 5 toka usawa wa bahari na Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700, kwa hiyo njia ya mawimbi ndani ya mvua kwetu ni fupi kuliko ya mtu wa Dar.

Sasa angalia muda. Imekata mvua kubwa ikimwagika na imerudi yenyewe ilipopungua? Hiyo ni anga, usiguse kitu. Inakata kwa manyunyu tu, au mvua imeisha tangu mchana na mpaka usiku bado? Hapo tatizo liko kwako.

Siku ya jua kali fungua menyu ya king'amuzi, tazama ubora wa signali, sio nguvu peke yake, watu wengi wanadanganywa na nguvu. Sogeza dishi kidogo kidogo sana, subiri sekunde kadhaa namba itulie, kisha zungusha LNB, kile kichwa cha kupokelea mawimbi mbele ya dishi, kwenye mshikio wake mpaka ubora ufike juu kabisa. Kaza nati kwa zamu huku mtu anakusomea namba, maana ukikaza upande mmoja dishi linahama. Hiyo ziada unayoipata kiangazi ndo itakayoliwa na mvua. Ikiwa bado ni ndogo nunua dishi kubwa, la sentimita 90 linakusanya mara mbili na robo ya lile la 60.

Konekta, ile ncha ya waya unayoifunga kwenye LNB, ndo ugonjwa mkubwa. Mama mmoja Uyole alikuwa kashabadilisha king'amuzi mara mbili, nilipofungua konekta ya kwenye LNB maji yakachuruzika mpaka kiganjani, shaba imekuwa kijani. Kata waya mpaka ukute shaba inayong'aa, weka konekta mpya, funga utepe wa mpira, na uache waya uning'inie kama upinde chini ya LNB ili maji yadondokee hapo yasiingie ndani.

Angalia na miti ya milingoti (mikaratusi) ya jirani, ukiipanda leo baada ya miaka mitatu iko mbele ya dishi, na majani yakilowa yanaziba zaidi.

Mwishoni mwa Machi na kwenye Septemba ikikata dakika chache mchana kweupe, bila wingu, jua limepita nyuma ya setelaiti. Kesho yake inaweza kurudia karibu saa ileile, siku chache tu, usiite fundi.