Somo: Kuchomeka maiki kwenye mikisa (soma kwanza, uliza baadaye)

"Maiki yangu haitoi sauti" imejibiwa hapa mpaka vidole vinauma. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

1. Zima spika. Kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), shusha feda (vitelezi vya sauti) na gaini (vizungusho vya kukuza sauti inayoingia) zote.

2. Waya wa XLR (ule wa plagi ya duara): upande wa matundu uende kwenye maiki, wa pini tatu kwenye mikisa. Sukuma mpaka ulie "ta".

3. Washa mikisa kwanza, spika mwisho. Wakati wa kuzima, spika ndizo zinaanza.

4. Umeme wa fantomu, ile 48V (volti 48 ambazo mikisa huipelekea maiki kupitia waya uleule). Hapa ndipo vitu vinaungua, kwa hiyo tulia. Maiki ya kondensa bila huo umeme haifanyi kazi. Dainamiki (maiki ya koili na sumaku) haiuhitaji, lakini waya ukiwa mzima haiumii: volti zinafika sawasawa kwenye pini 2 na pini 3, hivyo koili haioni tofauti yoyote. Waya ukiwa mbovu, pini moja ikagusa athi (pini 1), usawa unavunjika na umeme unapita ndani ya maiki. Ikiwa ni ya riboni (inayonasa sauti kwa utepe wa chuma), ule utepe mwembamba unaweza kulegea au kukatika. Na angalia: mikisa nyingi ndogo zina kitufe kimoja cha 48V kwa chaneli zote. Umewasha kwa ajili ya kondensa moja, umezipa maiki zote.
Chomeka, feda ikiwa chini, ndipo ubonyeze, kisha subiri sekunde kama 10. Kutoa: zima 48V, ngoja nusu dakika kapasita zimwage umeme, ndipo uchomoe. Ukichomoa feda ikiwa juu, spika inapiga "paa!" na twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) inaweza kuungua.

5. Gaini. Mwimbaji aimbe kwa nguvu atakayoimba kweli, si "halo, moja mbili". Bonyeza PFL (kitufe cha kusikiliza na kupima chaneli hiyo peke yake kabla ya feda), pandisha mpaka mita icheze karibu na 0 bila taa nyekundu kuwaka. Kwenye mikisa ya dijitali lenga kama -18 dBFS (kipimo cha dijitali ambacho 0 ndiyo kilele). Kisha feda ipande hadi alama ya 0.

6. Sauti za watu: bonyeza kichujio cha besi (80 au 100 Hz).

MASWALI

Swali: Mkuu, maiki haitoi sauti, msaada wa haraka.
Jibu: Maiki gani? Waya gani? Mita inacheza? Rudi hatua ya 1.

Swali: Waya wangu una XLR upande mmoja na jeki kubwa upande wa pili. Sauti ndogo halafu inavuma. Kwa nini?
Jibu: Swali zuri. Tundu la jeki kwa kawaida ni la laini (la vyombo kama kibodi), linasubiri sauti kubwa kuliko ya maiki. Kuhusu mvumo: kwenye XLR, pini 2 na 3 hubeba sauti ileile, moja ikiwa kinyume cha nyingine. Kelele ikiingia njiani inazipata zote mbili sawa. Mikisa inatoa moja kwenye nyingine, kelele inafutika, sauti inabaki. Jeki ya pini mbili haina ujanja huo. Tumia XLR pande zote.

Swali: Nikiacha 48V muda wote kuna ubaya gani?
Jibu: Hatua ya 4. Aya nzima ipo pale.

Swali: Monita (spika ya mwimbaji kujisikia) ikiwa mbele yake inapiga yowe, niiweke wapi?
Jibu: Inategemea maiki. Kadioidi (maiki inayosikia zaidi mbele) haisikii vizuri nyuma kabisa, kwa hiyo monita ikae usawa wa mkia wake. Supakadioidi (yenye upeo mwembamba zaidi mbele) inasikia kidogo kwa nyuma. Weka monita pembeni kiasi, nyuzi kama 125 kutoka mbele. Na mwimbaji asifunike kichwa cha maiki kwa kiganja. Anaharibu mpangilio wote huo.

Swali: Samahani, nje ya mada: nyaya zangu hazimalizi mwaka.
Jibu: Unazisokota kwenye kiwiko, siyo? Acha. Mzunguko mmoja juu, unaofuata upitishe chini, funga kwa kitambaa, usifunge fundo.

Mchango: Bandika utepe wenye namba moja pande zote mbili za kila waya. Chaneli ya 7 ikikwaruza, hutafuata waya kwa mkono gizani.
Jibu: Hiyo naiongeza juu kama hatua ya 2b.