Namna ya kuitambua gloriosa kabla hujaichimba

Ninauza miche kando ya barabara huku Kigamboni. Masika yakianza, wateja hunionyesha kwenye simu picha ya ua lenye petali sita nyekundu zilizopindukia juu, kingo zake za njano zikiwa zimejikunjakunja. Huniuliza mche wake ni bei gani. Mimi nawauliza kwanza kama nyumbani kuna watoto wadogo.

Ua hilo ni la gloriosa, mmea wa kutambaa wenye sumu. Ni maridadi kweli, ndiyo maana Zimbabwe wamelifanya ua la taifa. Lakini usijifunze ua peke yake, kwa sababu halidumu. Jifunze jani. Ni jembamba, linang'aa, na ncha yake imerefuka ikawa kikono kinachojisokota kwenye waya wa fensi au kijiti. Kiazi kikuu, kile cha kula ambacho watu huweza kukichanganya na gloriosa, hakina kikono hicho: jani lake lina umbo la moyo, na shina lenyewe ndilo linalouzunguka mti.

Nalisisitiza hili kwa sababu chini ya udongo gloriosa ina kiazi, mara nyingi kimepinda kama herufi V, na watu wamewahi kukila wakidhani ni chakula. Sumu yake inaitwa kolkisini. Imo kwenye mmea wote, na usitegemee kwamba kuchemsha kutaiondoa. Aliyekula huweza kukaa saa kadhaa ndipo aanze kutapika na kuharisha, kwa hiyo wengi hudhani ni chakula kilichochacha. Usingoje dalili, wala usimpe maziwa ukasubiri. Mkimbize hospitali, na ubebe kipande cha mmea daktari akione.

Kiangazi kikifika mmea wote wa juu hukauka, kiazi kinalala salama mpaka mvua nyingine. Hapo ndipo fundi wa msingi au kijana wa bustani anapokifukua bila kujua ni nini. Chomeka kigingi pale ungali unauona, na uwaambie wa nyumbani.

Ukiamua kuung'oa, vaa glavu, chimba mbali kidogo na shina ili kiazi kitoke kizima. Kikikatika, kipande chenye jicho huchipua tena. Majani usiwape mbuzi. Na kama unaubakiza kwa ajili ya ua, kata matunda yangali mabichi, maana yakikomaa hupasuka na kuanika mbegu nyekundu zinazowavutia sana watoto.