Namna ya kutengeneza filamu ya vichekesho kuhusu bachela pati iliyoharibika, Mwanza

Filamu ya bachela pati inaweza kuvunja watu mbavu bila kuonyesha sherehe yenyewe hata dakika moja. Usiku wa sherehe ndio sehemu ghali kuliko zote: unataka watu 40 wa kujaza ukumbi, taa, muziki wenye haki za watu, na kelele ambazo hakuna maiki inayozivumilia. Ukishagharamia yote hayo, ulichopata ni walevi wanaocheza, na walevi wanaocheza wanachosha baada ya sekunde 20. Asubuhi yake ni nafuu na ndiyo yenye kichekesho: wanaume watatu, chumba kimoja kimepinduka, simu inaita, bwana harusi hayupo.

The Hangover ya mwaka 2009, iliyoongozwa na Todd Phillips, ilitumia mbinu hiyo huko Las Vegas. Usiku wenyewe umerukwa, na mtazamaji anaupata mwishoni kabisa, kwenye picha za mnato zinazopita pamoja na majina ya wahusika. Chukua mbinu, hadithi iache kwao. Kasino na simbamarara wa filamu ile ukivihamishia Kirumba, hapa Mwanza, vitaonekana vimeazimwa.

Hesabu za hapa ni za filamu ya dakika 25, inayopigwa kwa siku 4 na kikosi cha watu 7: muongozaji, mpiga picha, msaidizi wake, mtu wa sauti, mtu wa mavazi na vifaa, mtunza kumbukumbu za sini, na mmoja wa chakula na usafiri. Ukipunguza, usimguse mtunza kumbukumbu. Kwenye filamu ambayo suti inachafuka sini baada ya sini, yeye ndiye anayejua doa lilikuwa bega gani.

Skripti: anza na ratiba ya harusi

Ukurasa mmoja ni kama dakika moja, kwa hiyo andika kurasa 25 na usizidishe. Kabla ya mazungumzo yoyote, andika ratiba ya harusi kwenye karatasi moja: ndoa saa 8 mchana, picha saa 10, ukumbini saa 1 usiku. Washkaji wanaamka saa 1 asubuhi. Wana saa 7. Kila kikwazo unachobuni kiandikie muda kinaokula: gari kuishiwa mafuta dakika 40, suti kupotea saa moja na nusu. Zikijumlishwa zizidi saa 7 kidogo, vinginevyo hakuna mbio. Kila kurasa 3 hivi mtu ataje saa, au ionekane kwenye simu.

Vikwazo vyenyewe vitoke kwenye kamati ya harusi, kwa sababu kila mtazamaji ameshachangia harusi. Mweka hazina aliyelipia vinywaji vya usiku ule kwa pesa ya ukumbi ni mhusika tosha. Mama wa bwana harusi asionekane kabisa mpaka kanisani. Awe sauti kwenye simu, ujumbe baada ya ujumbe, kila mmoja mpole kuliko uliopita na wa kutisha zaidi: "Baba, nauliza tu, umeshakunywa chai?" Sauti hiyo unairekodi siku moja chumbani, na inabeba robo ya filamu.

Tarumbeta ni zawadi nyingine. Kundi limelipwa mpaka saa 8, limeelekezwa vibaya, na sasa linaamini hawa jamaa ndio msafara wa bwana harusi. Wakijificha mitaa ya Makoroboi, pikapu ya tarumbeta inakata kona. Rudia mara tatu, kila mara kundi likiwa karibu zaidi. Kupiga picha za sini hizo unahitaji wapulizaji 5, pikapu moja, na muda wa nusu siku. Rekodi wimbo kamili mara moja mahali palipotulia, halafu kwenye shoti wapulizaji waigize tu. Vinginevyo utakuwa na vipande 12 vyenye kasi tofauti ambavyo haviungani. Wimbo uwe wao wenyewe, au mmiliki awe amekuandikia ruhusa.

Usukumani kuna ngoma za nyoka, na Bujora kule Kisesa panajulikana kwa hilo. Kikundi kilichoalikwa kutumbuiza usiku kikisahau kapu lake chini ya kitanda cha gesti, tayari una sini ya dakika 4. Usimwonyeshe chatu. Kapu la ukili lenye kifuniko, uzi mwembamba wa kuvulia samaki uliofungwa kwenye kifuniko, na mtu nyuma ya kitanda anayeuvuta sentimita 2 tu. Wanaume watatu juu ya kabati moja wanalitazama. Nyoka wa mpira ataua kicheko, na nyoka wa kweli anataka mwenyewe awepo, nafasi, na waigizaji ambao hawatakimbia katikati ya shoti.

Bwana harusi yuko wapi? Hapo skripti nyingi za Mwanza zinatoboka. Zamani ungemwacha Sengerema na kivuko kikaondoka. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mtazamaji wa kwanza atauliza kwa nini asipande basi. Ukerewe nayo ina tundu: ukikosa meli ya Nansio kwenda Mwanza, kuna njia ya kivuko cha Rugezi–Kisorya na barabara ya Bunda. Ukitaka kumtumia Ukerewe, ifunge njia hiyo kwa sentensi moja ya mhusika. Njia safi zaidi ni kisiwa kidogo cha wavuvi usichokipa jina, ambako hutoki mpaka mwenye mtumbwi aamue kuamka. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza na kulala mchana, kwa hiyo kumwamsha saa 3 asubuhi ni kichekesho kinachojieleza.

Jambo moja liachwe: mzaha wa meli au kivuko kuzama. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996 na MV Nyerere Septemba 20, 2018, na ukumbini hatakosekana aliyefiwa.

Kibali

Peleka skripti Bodi ya Filamu Tanzania kabla ya kupiga. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ndiyo inayotawala, na filamu ikikamilika hupangiwa daraja la umri kabla ya kuonyeshwa. Kwa ngazi ya chini anza kwa afisa utamaduni, na angalia mipaka: Makoroboi, Igogo na Capri Point ziko Halmashauri ya Jiji, Kirumba na Mwaloni ziko Manispaa ya Ilemela. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, yenye taratibu zake na ada zake. Sare za polisi usizishone kwa fundi ukadhani ni vazi tu. Mhusika wa mgambo anakutosha, na anachekesha zaidi.

Ziwani

Sini ya mtumbwi usiipigie katikati ya maji. Funga mtumbwi kwa kamba mbili kwenye mawe, mita 5 kutoka ukingoni, weka kamera nchi kavu ikitazama ziwa, tumia lenzi ya milimita 85 au zaidi. Ufuko hauonekani na hakuna atakayejua. Mtu aliyesimama juu ya jiwe autikise mtumbwi kwa upondo mrefu, taratibu. Asiingie majini kuusukuma. Maji ya ukingoni yenye magugu ndiko waliko konokono wa kichocho, na hatari hupanda jua likiwa kali mchana. Muigizaji anayetakiwa kuwa amelowa mmwagie ndoo mbili za maji ya bomba. Aliyeingia ziwani kwa bahati mbaya aende kituo cha afya kupima wiki kadhaa baadaye, hata kama hajisikii chochote.

Majaketi ya kujiokolea yavaliwe na kila mtu aliye kwenye mtumbwi, kikosi na waigizaji. Mhusika wako ni mzembe, amekunja jaketi kalifanya mto? Hilo lipigwe mtumbwi ukiwa umeburutwa mchangani.

Piga saa 1 hadi saa 4 asubuhi. Baada ya hapo upepo wa ziwa huanza kuvuma kuelekea nchi kavu, mawimbi yanakuja, na nywele za shoti ya kwanza hazifanani na za shoti ya tano. Jua nalo linakusaidia: upande wa jiji hutazama magharibi, kwa hiyo asubuhi mwanga uko nyuma ya kamera na unaanguka usoni kwa waigizaji. Usijaribu kuuza machweo kama alfajiri. Mwanza nzima inajua kuwa jua halichomozi nyuma ya Jiwe la Bismarck, ule mwamba uliosimama ziwani. Mapambazuko ya kweli ni kati ya saa 12:25 na 12:55 kutegemea mwezi, na mwanga laini haukai zaidi ya dakika 30, kwa hiyo mazoezi yafanyike jana yake.

Kama lazima upige usiku karibu na maji, wadudu wa ziwani watafuata taa yako kwa maelfu. Weka taa kali mita 15 pembeni iwe chambo, na waigizaji uwaangazie kwa taa hafifu ya njano.

Suti, ulevi na matapishi

Nunua suti tatu za rangi moja kwenye mitumba ya soko la Mlango Mmoja: moja safi, moja chafu, moja ya kulowa. Zikikosekana za kufanana, nunua makoti matatu meusi, maana suruali haitazamwi sana. Piga sini za suti safi zote kwanza hata kama ni za mwisho wa hadithi.

Bia ni chai ya rangi iliyopoa, na povu lake ni la kinywaji cha kimea kisicho na kilevi, kijiko kimoja juu kabla tu ya shoti. Lebo zitoke zote. Matapishi: nusu lita ya uji mwembamba wa mahindi, karoti moja iliyokunwa, vijiko viwili vya mtindi, ndizi nusu iliyopondwa. Yawe vuguvugu. Ya baridi sana muigizaji anatapika kweli.

Muigizaji asiigize mlevi. Mwambie aigize mtu anayejitahidi sana kuonekana mzima mbele ya mchungaji. Anapanga kila neno, anafunga mlango polepole mno, anasalimia mara mbili.

Sauti na kamera

Piga fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni hezi 50, na ukiweka tofauti taa za gesti zitametameta kwenye picha. Maiki ya fimbo ivishwe kinga ya manyoya, la sivyo upepo wa ziwa utakula maneno. Injini ya boti izimwe wakati wa mazungumzo na mlio wake urekodiwe peke yake, dakika 2. Kila lokesheni, rekodi sekunde 60 za ukimya wa mahali hapo.

Kichekesho kinaishi kwenye shoti pana. Waweke watatu wote kwenye fremu moja, waache wapokee habari mbaya pamoja. Ukikata uso kwa uso unaua muda wao na unaanza kuutafuta tena kwenye kuediti. Piga pana kwanza, mara 3, kisha sura moja moja za kumsikiliza mwenzao.

Ukishaunganisha, onyesha rafu, yaani filamu ambayo bado haijakamilika, kwenye kibanda umiza (banda la kuonyeshea video), watu 20 au 30 wasiokujua, na uweke simu ikirekodi sauti ya chumba. Ilinganishe na filamu. Kicheko kikifunika neno linalofuata, ongeza sekunde moja au mbili za nyuso hapo. Mahali palipo kimya, kata. Na tarumbeta zikichekesha mara ya kwanza na ya pili, ya tatu ikapita kimya, toa ya pili.