Hesabu pumzi kwanza: kumtunza mgonjwa mahututi kwenye wodi ya kawaida

Wadogo zangu mnaoanza kazi, hasa mliopangiwa hospitali za wilaya kama huku kwetu Busia, Uganda: ICU, yaani chumba cha uangalizi maalumu, iko mbali, na hata ambulansi ikipatikana bado kuna barabara. Mgonjwa mahututi atakaa saa kadhaa mikononi mwako, wewe na mwenzako mmoja wa zamu, wodi imejaa mpaka sakafuni. Msingi wa saa hizo ni huu.

Anza na pumzi. Shika kifundo cha mkono wake kana kwamba unapima mapigo, huku macho yako yako kifuani, uhesabu dakika nzima. Usimwambie unachohesabu, maana akijua atabadilisha anavyopumua. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Akifika 25, usimwache muda mrefu. Akivuka 30, mwite daktari hata kama presha inapendeza. Kijana mwenye maambukizi makali anaweza kushikilia presha nzuri mpaka dakika za mwisho, lakini pumzi zake zilianza kukimbia tangu asubuhi. Nasisitiza dakika nzima kwa sababu nimeona chati ambazo wodi yote, kitanda cha kwanza hadi cha mwisho, inapumua mara 20. Huko ni kunakili tu.

Mgonjwa asiyejitambua akikoroma, msidhani kapata usingizi. Ulimi unaziba njia ya hewa. Inua kidevu, fyonza mate kwa muda usiozidi sekunde 15, kisha mlaze ubavu, isipokuwa kama ameanguka au amegongwa na boda na unahofia shingo. Anayejitambua lakini anahema, mwinue kichwa kiasi cha nyuzi 30 au zaidi. Kitanda kikigoma kuinuka, kunja blanketi za ndugu zake.

Kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasaidia, ila msikiabudu. Kidole baridi au rangi ya kucha hukivuruga, na tafiti zimeonyesha kwamba kwenye ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu kuliko hali halisi, yaani kwa karibu kila mgonjwa wetu. Mtu aliyelala na sigiri ya mkaa chumbani, madirisha yamefungwa, anaweza kusoma 99 huku damu yake imebeba kaboni monoksidi, gesi ya sumu ya moshi wa mkaa. Huyo apewe oksijeni nyingi mara moja, msibishane na namba. Kwa wengine lengo ni 94 hadi 98. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa, 88 hadi 92.

Mipira ya oksijeni ya puani hutumia lita 1 hadi 5 kwa dakika. Maski yenye mfuko hutaka lita 10 hadi 15, na mfuko ujae kabla hujamvisha. Ukiifunga maski hiyo kwenye mashine ya umeme ya oksijeni inayotoa lita 5 tu, mfuko utasinyaa na mgonjwa atavuta hewa chafu yake mwenyewe. Umeme ukikatika mashine hiyo imekufa, kwa hiyo silinda iwe tayari kabla ya giza. Piga hesabu: silinda kubwa ya lita 6,800, ikiwa imejaa, kwa lita 10 kwa dakika inakwenda saa 11 na kidogo. Mshale ukiwa nusu, una saa 5 na nusu tu. Na spana yake ifungwe kwa bandeji shingoni mwa silinda, maana kazi yake kubwa ni kupotea usiku.

Kwenye maji ya mshipani nenda polepole kidogo. Utafiti wa FEAST uliotolewa mwaka 2011, uliofanyika Kenya, Tanzania na hapa kwetu Mulago, Mbale, Soroti na Lacor, ulionyesha kwamba watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa zaidi: karibu 10 au 11 katika kila 100 ndani ya saa 48, dhidi ya 7 kwa wasiomiminiwa. Watoto wa kuhara hawakuwemo; hao wana utaratibu wao. Hata mtu mzima, kila chupa ikiisha sikiliza mapafu na uhesabu pumzi upya kabla ya kutundika nyingine. Mkojo nao utakuambia: angalau nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, yaani mililita 30 kwa mtu wa kilo 60. Pima kwa jagi lenye alama, “unatoka vizuri” si kipimo.

Aliyezirai, aliyechanganyikiwa, mwenye degedege: pima sukari kabla hujaandika malaria ya ubongo. Chini ya 70 mg/dl mtu mzima anahitaji glukosi, na asiyemeza apewe mshipani. Rudia kipimo baada ya dakika 15, kwa sababu malaria kali na pombe kali ya waragi huishusha tena. Atendanti, yaani ndugu wanaomuuguza, waambieni mapema, kwa upole, wasimmiminie soda mdomoni.

Kumgeuza kila saa 2, kumsafisha kinywa: hayo mnayajua, yafanyeni tu.

Mkimpigia daktari usiku, msianze na “mgonjwa hali mbaya.” Sema hivi: “Daktari, ni sista wa wodi ya wanaume. Kitanda cha 4, miaka 35, nimonia. Saa 2 pumzi zilikuwa 24, sasa ni 36. Oksijeni 86 kwa lita 5, presha 90 kwa 50, mkojo mililita 40 tangu saa 12. Nimeanza maski yenye mfuko. Naomba uje sasa.” Kisha andika saa uliyopiga na alichojibu.